Kutambua sarafu za shaba za Roma: sura iache mwisho

Wengi wakishika sarafu ya Kirumi hukimbilia sura: huyu ni nani? Mimi sura naiacha mwisho, maana kwenye shaba iliyolika pua zote hufanana. Naanza na mzani na rula.

Ikiwa nene, ina upana wa milimita 30 na zaidi na uzito unaokaribia gramu 25, hiyo ni sestertio, ya karne tatu za mwanzo. Ya milimita 25 hadi 28 hivi, gramu 10 hadi 13, ni dupondio au asi. Hapo tazama kichwani: tangu enzi za Nero, taji lenye miale kwa kawaida ni la dupondio, la majani ni la asi. Herufi kubwa SC upande wa nyuma, yaani kwa idhini ya Seneti, hukuthibitishia kwamba uko kwenye kundi hilo. Ukikuta herufi za Kigiriki, hiyo ni ya majimbo ya mashariki, iweke kando.

Ndogo za gramu 2 au 3 ndizo nyingi kuliko zote, na nyingi ni za karne ya 4. Zichukue taratibu. Usikwangue kutu ya kijani iliyoshikamana. Ukiikwangua unaondoka na maandishi. Loweka kwenye maji yaliyochujwa madini, kisha inamisha sarafu chini ya taa ya pembeni mpaka herufi zitupe kivuli. V husomeka U. AVG (Augustus) ni mfalme mkuu, NOB C (Kaisari) ni mtawala aliye chini yake. Chini kabisa upande wa nyuma, chini ya mstari, pana alama ya kiwanda: ALE ni Aleksandria, TR ni Trier, SIS ni Siscia, leo Sisak nchini Kroatia.

Hii iliyo mbele yangu ina gramu 1.6. Nyuma wamesimama askari wawili, kati yao bendera moja. Aina hii, GLORIA EXERCITVS (utukufu wa jeshi), ilianza mwaka 330 ikiwa na bendera mbili. Moja ilikuja 335. Chini nasoma SMANB: AN ni Antiokia, B ni karakana ya pili. Mbele kumebaki TANTIVS NOB C tu. Basi ni Constantius wa Pili, mwana wa mfalme Constantine, kabla hajawa AVG mnamo Septemba 337. Nimeibana ndani ya miaka miwili tu, na uso sijauangalia bado! (Hata ningeuangalia, wana wa Constantine walichongwa kama mapacha.)

Ukifika hapo ingia OCRE, hifadhidata ya bure mtandaoni, utafute kwa herufi ulizoziona kwa macho yako. Palipofutika paache wazi, usijazie kwa kubahatisha. Kisha linganisha picha, hasa mkato wa herufi na mapambo ya kichwani. Kabla ya kushangilia, zungusha ukingo: mstari wa muungano ukizunguka pembeni, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, basi yaelekea ni bandia, maana Warumi hizi walizigonga kwa nyundo.