Kabla ya Kumfuata Bata Mzinga wa Porini: Maandalizi ya Msimu wa Missouri

Msimu wa kuwinda bata mzinga wa porini katika jimbo la Missouri, nchini Marekani, hufunguliwa Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Aprili, miti inapoanza kuchipua, na hudumu wiki tatu. Wiki tatu ni nyingi masikioni. Ukishatoa siku za kazi, siku za mvua, siku za upepo na zile ambazo madume wameamua kunyamaza, zinabaki asubuhi chache tu. Ndiyo maana nasisitiza maandalizi yaanze Februari. Nawaandikia hasa ndugu zetu wa Kansas City, St. Louis, Columbia na vitongoji vyake, waliokulia wakitega kanga na kwale, ambao leo wanawaona bata mzinga wakikatiza barabara na kujiuliza kama wao pia wanaruhusiwa. Mnaruhusiwa, ila kwa utaratibu.

Anza na makaratasi. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji kabla ya kununua kibali cha kuwinda kwa bunduki. Mafunzo hayo yanasimamiwa na Missouri Department of Conservation, idara ya jimbo inayoshughulikia wanyama, samaki na misitu, na mwenye miaka 16 na kuendelea anaweza kuyamaliza yote kwenye intaneti. Kisha nunua kibali cha bata mzinga cha msimu huu wa machipuko; kibali cha samaki au cha wanyama wadogo hakikusaidii hapa.

Suala la uhamiaji lisipuuzwe hata kidogo. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kuwa na bunduki. Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa aangukie kwenye mojawapo ya misamaha iliyotajwa na sheria, na kuwa na kibali halali cha uwindaji ni mmojawapo. Asiye na hati asiguse bunduki wala risasi, hata ya kuazimwa, hata kwa dakika tano. Jambo hili usiliamue kwa maneno ya rafiki wala ya kundi la WhatsApp. Muulize mwanasheria wa uhamiaji mapema, kwa sababu kesi ya bunduki inaweza kubomoa maisha uliyoyajenga kwa miaka mingi.

Baada ya hapo soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huu, ambacho idara hutoa bure. Kwa msimu mzima unaruhusiwa ndege wawili, wawe madume au wenye ndevu zinazoonekana, yaani lile fungu la nywele ngumu linaloning'inia kifuani. Wiki ya kwanza ni mmoja tu, na hakuna kupiga wawili siku moja. Kuwinda huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Kwenye ardhi ya umma mwisho ni saa 7 mchana, na kwenye ardhi ya watu binafsi muda umeongezwa hadi jua kuzama. Bunduki ya rifle, ile inayopiga risasi moja moja, hairuhusiwi. Sauti za kurekodi zinazopigwa kwa kifaa cha umeme haziruhusiwi. Kumwaga mahindi ni marufuku, na mahali palipomwagwa huhesabika kuwa pana chambo kwa siku 10 baada ya punje ya mwisho kuondolewa. Kwa hiyo mwenye shamba akikukaribisha, muulize bila haya kama kuna mtu alilisha wanyama hapo.

Kanuni hizi zina sababu. Ndege huyu aliwahi kuwa karibu kutoweka Missouri kwa kukatwa misitu na kuwindwa bila mpaka. Wataalamu waliwanasa wachache waliosalia kwa nyavu zinazorushwa kwa baruti, wakawahamishia sehemu walikokuwa wamekwisha. Mwaka 1960 ulipofunguliwa msimu wa kwanza wa zama hizi, ulikuwa wa siku tatu katika kaunti 14, na ndege waliopatikana jimbo zima walikuwa 94. Anayewasikia leo wakilia kila bonde anakula matunda ya subira ya watu wengine.

Ardhi nayo itafutwe mapema. Msitu wa taifa wa Mark Twain, kusini mwa jimbo, una zaidi ya hekta 600,000 na uwindaji unaruhusiwa. Kwenye shamba la mtu, nenda mwenyewe ukabishe hodi mchana, ujitambulishe, useme utaegesha gari wapi na utaondoka saa ngapi. Wakulima wengi huthamini heshima hiyo kuliko fedha. Na ukiwa unatembea, tazama mashina ya miti na nguzo za uzio: mstari wa rangi ya zambarau maana yake ni usiingie. Kisheria una nguvu sawa na kibao kilichoandikwa, hata kama hakuna uzio wala nyumba inayoonekana.

Wiki mbili kabla ya ufunguzi, peleka masikio yako kabla ya bunduki. Bata mzinga hulala juu ya miti mikubwa, mara nyingi kando ya mto au kwenye mteremko, na dume hulia akiwa bado tawini, kabla hakujapambazuka vizuri. Simama barabarani mbali, sikiliza, weka alama kwenye ramani, ondoka. Usianze kuwaita, ukiwazoesha sauti yako kabla ya msimu, siku ya siku hawatakuja. Jioni, jua likizama, mlio wa bundi humfanya dume ajibu bila kukusudia, na hapo unajua mti anaolala. Huyu bundi ambaye kwetu hukemewa akitua juu ya paa, huku ndiye anayekuonyesha njia.

Bunduki ya kufaa ni shotgani, ile inayotawanya marisau, yaani vipunje vya chuma, na marisau hayo yasizidi ukubwa wa namba 4. Kumbuka kwamba namba ikipanda, risau linakuwa dogo. Chora duara la upana wa sentimita 25 kwenye karatasi, piga kutoka umbali wa mita 36 hivi, halafu hesabu matundu. Wengi hutaka yafike 100. Yasipofika, sogea karibu mpaka yafike, na umbali huo ndio mpaka wako msimu mzima. Shabaha ni kichwa na shingo. Anayepiga mwili kwa mbali humjeruhi ndege akafie kichakani, na hilo ni jambo la kusikitisha kuliko kurudi mikono mitupu.

Vifaa vya kuitia viko vya aina nyingi, lakini kwa anayeanza nashauri kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa. Paka chaki upande wa chini wa kifuniko, kivute taratibu juu ya ukingo, na utasikia jike anatetea. Kikilowa, kinakuwa bubu, hivyo kibebe ndani ya mfuko wa plastiki. Fanya mazoezi nyumbani mpaka uweze milio miwili tu: ule laini wa jike anayeita na ule wa kuridhika anapodonoa chakula. Hiyo miwili inatosha. Kuita kupita kiasi kumewaharibia watu wengi kuliko kuita vibaya.

Sasa usalama, na hapa naomba usome polepole. Fikiria hali yenyewe: msituni kuna watu waliovaa nguo za rangi ya majani, wamejificha, kila mmoja anaigiza sauti ya ndege, na kila mmoja ana bunduki. Kichwa cha dume anapojitunisha kina rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Basi rangi hizo zisionekane mwilini mwako popote, hata kwenye soksi, kola ya fulana au leso ya kufutia jasho. Usimnyemelee ndege unayemsikia, maana huenda sauti hiyo ni ya mtu. Keti chini, egemea mti mpana kuliko mabega yako ili mgongo ulindwe. Ukimwona mwindaji mwingine anakuja, usipunge mkono, usipige mluzi. Baki ulivyo na useme kwa sauti kubwa ya kibinadamu. Unapotembea vaa kofia au kizibao cha rangi ya machungwa, na ndege uliyempata mfunike kwa kitambaa cha rangi hiyohiyo kabla ya kumbeba. Mwachie mtu nyumbani ujumbe wa mahali uliko, kwa kuwa mabonde ya Ozark, eneo la vilima kusini mwa jimbo, mara nyingi hayana mtandao.

Kupe wa Missouri si wa kudharau. Yule mwenye doa jeupe mgongoni anaweza kuambukiza magonjwa, na kuumwa naye kunaweza kumwachia mtu mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Nyunyizia nguo na viatu dawa ya permethrin, uziache zikauke kabisa kabla ya kuvaa. Ni dawa ya jamii moja na ile ya vyandarua vya nyumbani, iliyotengenezwa kwa kuiga nguvu ya ua la pareto. Ikiwa bado mbichi iweke mbali na paka. Ukirudi, jikague kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti.

Kuna maandalizi mengine ambayo hayauzwi dukani, nayo ni kujua jinsi msimu unavyopanda na kushuka. Siku za mwanzo dume hulia sana mtini, unasema leo ni leo; akishashuka, anakutana na majike halisi, anaondoka nao na kukuacha ukiita peke yako. Hilo ndilo linalowakatisha tamaa wageni, wakarudi nyumbani saa 2 asubuhi. Usirudi. Jike hutaga yai moja moja, na anapokwenda kwenye kiota dume hubaki mpweke. Kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, dume aliyekupuuza alfajiri anaweza kuja bila kutoa sauti yoyote, mara nyingi kutoka upande usioutazama. Utakachoona kwanza ni kichwa cheupe kinachochungulia nyuma ya shina. Macho yake hukamata kila kinachosogea. Ukipandisha bunduki kichwa hicho kikiwa wazi, umemkosa. Subiri kipite nyuma ya mti.

Upepo ukivuma huwezi kusikia, nao pia hawasikii vizuri, hivyo hupendelea uwanda ambako wanaweza kuona. Mvua ikinyesha, watafute mashambani kwenye majani mafupi. Wiki ya tatu majike wengi wameshaanza kuatamia, kazi ya siku 28, na madume wanazunguka wenyewe. Lakini majani yamejaa miti na sauti haifiki mbali, hivyo dume unayedhani yuko nusu kilomita huenda yuko mita 100. Beba mto wa kukalia, maji na kitafunwa kisicho na karatasi ya kelele.

Ukimpata, weka alama kwenye kibali chako palepale na umsajili siku hiyohiyo kwa simu au programu ya idara. Kwa Muislamu, bismillahi itangulie kufyatua na kisu kikali kiwe kiunoni, ili ukimkuta bado hai umchinje. Aprili kunaweza kuwa na joto, kwa hiyo mtoe matumbo mapema na gari liwe na kasha la barafu. Kifua kinapikika haraka; mapaja ni magumu, yachemshe taratibu kwa saa kadhaa ndipo utie nazi.

Wakati wa kusafisha, pasua kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Utakuta majani mabichi ya shambani, mbegu za mwaloni, wadudu au mahindi yaliyosalia baada ya mavuno. Andika ulichokiona na mahali ulipompata, maana bado una nafasi ya ndege wa pili, na hapo ndipo utaketi wiki ijayo.