Jinsi ya kuandika lebo ya nyama ya soya bila kumdanganya mnunuzi

Lebo yangu ya kwanza ya mishikaki ya soya ilikuwa na kichwa cha ng'ombe. Neno MISHIKAKI lilikuwa jekundu, refu kama kidole gumba, na "ya soya" imebanwa pembeni kwa herufi ndogo. Bibi mmoja wa mtaani kwetu, hapa Morogoro, akachukua pakiti mbili kwenye friza ya duka kwa ajili ya wageni wake. Jioni akanifuata, mshikaki mmoja mkononi umekauka kingo. "Mwanangu, nimeuweka jikoni hautoi hata tone la mafuta. Makaa yamenyamaza tu. Hii nyama gani?" Nikamrudishia hela yake yote. Wiki hiyohiyo nikajua kwamba jirani yangu Msabato, asiyegusa nyama, alikuwa anaipita pakiti ileile kila siku kwa sababu ya yule ng'ombe. Lebo moja ilimdanganya anayetaka nyama na kumfukuza asiyeitaka.

Kwa hiyo anza na jina, kabla ya rangi na picha.

Yako majina ya umbo na mapishi: mshikaki, kababu, sambusa, soseji, baga. Haya naamini ni ya kila mpishi. Ukimwambia mtu una sambusa, atakuuliza "za nini?", na ukijibu za dengu hashtuki. Hilo "za nini" ndilo lebo inatakiwa ilijibu mapema. Halafu yako majina ya wanyama wenyewe: ng'ombe, kuku, mbuzi, samaki. Hayo usiyaguse. Anayelipia kuku apewe kuku.

"Nyama ya soya" iko katikati, na ndiyo inayoniumiza kichwa. Jina limeshazoeleka madukani, na Kiswahili chenyewe kinaita sehemu laini ya tunda nyama. Ukilitumia, SOYA iwe na ukubwa uleule wa NYAMA, rangi ileile, mstari uleule. Ukilikata mistari miwili, mtu mwenye haraka husoma wa juu tu. Mimi pakiti kavu nimeziandika "Vipande vya soya" na sijapoteza mteja. Chakula kikipata jina lake hakihitaji kuazima. Tui ni tui, wala hakuna aliyelikosa kwenye wali kwa kuwa haliitwi maziwa.

Wenzetu Ulaya wamefika hadi mahakamani kwa jambo hili. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kinywaji cha soya hakiwezi kuuzwa kwa jina la maziwa, hata ukiandika wazi kwamba ni cha soya. Kuhusu baga na soseji, Oktoba 2020 Bunge la Ulaya lilikataa kuyazuia majina hayo kwa vyakula visivyo na nyama, kisha Oktoba 2025 likapiga kura ya kutaka yazuiwe. Afrika Kusini nako, mwaka 2022, wizara ya kilimo iliwaambia watengenezaji wa vyakula vya mimea waache majina ya nyama zilizosindikwa. Mimi kuzuia neno "baga" naona ni kupita kiasi. Kilichomuumiza bibi yule hakikuwa neno mshikaki. Ni yule ng'ombe na zile herufi ndogo.

Picha basi. Weka maharage ya soya, au chakula kikiwa kwenye sahani. Ng'ombe aliyepigwa mstari wa kumkataa usimweke pia, maana kwa mbali mstari hauonekani, anaonekana ng'ombe.

Nyuma ya pakiti, orodhesha viambato kuanzia chenye uzito mkubwa hadi kidogo. Ndivyo kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo, EAS 38, kinavyotaka. Kinataka pia jina lieleze chakula ni nini hasa. Taja wazi soya, ngano na yai, kwa sababu kuna watu vinawadhuru. Yai lina jambo jingine. Wengi tunalitumia kushikanisha mchanganyiko, halafu tunaandika "haina nyama" na kuona tumemaliza. Mteja wako Mhindu asiyekula mayai atasomaje hapo? Ukiweka yai, liandike mbele, si nyuma tu.

"Ladha ya kuku" nakushauri uiache. Kama umetia tangawizi, kitunguu saumu na binzari, andika hivyo. Kama umetia kidonge cha mchuzi, soma kwanza karatasi yake, kwa maana kikiwa na mafuta ya kuku, "haina nyama" imekuwa uongo.

Kabla ya kuchapa stika nyingi, peleka rasimu TBS, shirika la viwango. Ukikwama kwenye maandalizi, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, itakuelekeza.

Kisha ijaribu. Chapa moja tu, ibandike kwenye pakiti, iweke kwenye friza mpaka ipate ukungu wa baridi. Usiku, chini ya taa ya duka, mwite mtu asiyejua unachouza, asimame hatua tatu, umuulize: "Hiki ni nini?" Akianza na "nyama", rudi mezani.

Mimi humpelekea bibi yuleyule. Ya mwisho aliishika kwa mkono ulionyooka, akasema soya anaiona, ila neno "ngano" limemezwa na rangi ya kijani. Nimelihamishia kwenye nyeupe.