Kujifunza Kihispania huku ukijitolea vijijini Guatemala

Mwongozo huu ni wa wiki nane mjini Quetzaltenango, nyanda za juu za magharibi. Wenyeji huuita Xela, na hutamkwa kama Shela ya Lamu. Mji uko takriban mita 2,330 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta zito.

Hatua ya 1: Nyaraka. Anayetoka Kenya au Uganda awe na cheti cha homa ya manjano. Chanja angalau siku 10 kabla ya safari. Kabla ya hapo cheti hakihesabiki. Omba viza ya Guatemala mapema. Ukipitia Marekani, hata kwa kubadili ndege tu, unahitaji viza yao ya kupita, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshakata tiketi. Kikomo cha siku 90 ni cha Guatemala, Honduras, El Salvador na Nicaragua kwa pamoja: kuvuka mpaka na kurudi hakuanzishi hesabu upya.

Hatua ya 2: Msingi, ukiwa bado nyumbani. Mswahili ana mtaji mkubwa hapa. Irabu ni zetu zilezile tano. *Ñ* ni "ny" ya nyumba, *h* haitamkwi, na *j* ni "kh" ya kukwaruza koo. Kitenzi hubeba mtendaji kama chetu, ila mwishoni: *hablo*, nazungumza. Upatanisho wa jinsia (*casa blanca*, nyumba nyeupe, *libro blanco*, kitabu cheupe) hautamsumbua aliyelelewa na ngeli. *Ser* na *estar*, zinazowatesa wengi, zielewe hivi: "ni mwalimu" ni *es maestro*, "yuko shuleni" ni *está en la escuela*, "amechoka" ni *está cansado*. Palipo na "yuko" au hali ya kupita, anza na *estar*. Jihadhari na r: *pero* ni "lakini", *perro* ni mbwa, na *pelo* ni nywele.

Hatua ya 3: Wiki tatu za darasa tu. Shule za Xela hufundisha mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, saa 4 hadi 5 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na hukupangia familia ya kuishi nayo. Usiruke wiki hizi. Asiyeelewa "shika hapa" au "ondoka, inaanguka" ni hatari kwenye ujenzi.

Hatua ya 4: Chagua kazi. Uliza: nani aliiomba, na nani ataiendeleza ukiondoka? Majiko sanifu ya kuni ni kazi nzuri, kwa sababu moshi wa jikoni huumiza mapafu ya akina mama na watoto, na fundi wa kijijini ndiye anayeongoza. Wewe unachekecha mchanga, unabeba matofali, unachanganya saruji. Bomba la moshi mwachie fundi. Kiungo kikivuja, moshi unarudi ndani. Jiko lisiwashwe kabla udongo na saruji havijakauka vizuri, litapasuka. Vituo vya yatima viepuke: mtoto anayezoea mgeni kisha kuachwa kila mwezi huumia.

Hatua ya 5: Ratiba ya wiki ya nne hadi ya nane. Kiangazi, soma asubuhi, fanya kazi mchana. Kuanzia Mei hadi Oktoba geuza, kwani mvua hunyesha zaidi alasiri na njia hugeuka tope. Kila siku andika maneno 15 uliyoyasikia kazini (*leña*, kuni, *humo*, moshi, *cubeta*, ndoo) na umpe mwalimu ayafanye somo la kesho. Hapa ndipo lugha inapokaa kichwani, kwa sababu neno la asubuhi linakukuta tena mkononi.

Hatua ya 6: Kijijini. Tumia *usted*, "wewe" ya heshima, kwa kila mtu mzima. *Vos*, "wewe" ya kirafiki ya vijana wa mjini, iache huko. Wazee wengi, hasa akina mama, huzungumza K'iche' au Mam, na Kihispania kwao ni lugha ya pili kama kwako. Wasipokujibu, usipaze sauti. Mwombe kijana akutafsirie. Katika vijiji vya K'iche', asante ni *maltyox*. Beba noti ndogo za quetzal, maana kondakta wa *camioneta* mara nyingi hana chenji, na muulize basi la mwisho la kurudi mjini ni saa ngapi kabla hujashuka.