Kaye, simu au kompyuta: kuchagua programu ya duka lako Lubumbashi

Kabla ya kupakua programu yoyote, nunua kaye (daftari) mpya na uandike kwa siku 14 kila kinachoingia na kinachotoka dukani: tarehe, kitu, kiasi, mteja amelipa vipi, nani ameuza. Jioni hesabu sanduku. Siku hizo 14 zitakuonyesha falanga zinapotelea wapi, na bila kujua hilo hutajua unatafuta programu ya nini. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kampemba huenda atakuta shida yake ni madeni ya mafundi. Mwenye depo ya vinywaji Katuba atakuta ni kasiye (kreti za chupa) tupu. Mama anayeuza unga soko la mtaa wa Kenya, ni tofauti kati ya mfuko na meka (kopo la kupimia). Hao watatu hawahitaji kitu kimoja. Muuzaji akikuambia programu yake inafanya yote, mwombe akuonyeshe inavyofuata kasiye tupu.

Jambo linaloangusha programu nyingi hapa kwetu ni pesa mbili, franka na dola. Programu nyingi ndogo za mauzo zina sarafu moja tu. Tuseme mteja amenunua rangi ya dola 27, kiwango chako leo ni franka (FC) 2 500 kwa dola moja. Anatoa noti ya dola 20 na FC 17 500. Programu inaandika FC 67 500, na ni sawa. Lakini jioni kiwango mjini kimeshuka hadi 2 450. Ukigeuza ile dola 20 kwa kiwango cha jioni, FC 1 000 hazipo. Ikiwa sandukuni mna dola 400, pengo ni FC 20 000, na kijana wa kashi anaitwa mwizi wakati hakugusa kitu.

Dawa yake ni kutohesabu dola kwa franka. Kwenye Loyverse, kwa mfano, programu ya mauzo ya simu na tableti, unaweza kuongeza njia za malipo wewe mwenyewe: acha «kashi» iwe ya franka, kisha tengeneza «Dola», «M-Pesa», «Airtel Money», «Orange Money». Mteja akichanganya, gawanya malipo kwenye risiti hiyo hiyo: FC 50 000 upande wa Dola, FC 17 500 upande wa kashi. Kiwango cha siku kiandikwe asubuhi kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na kashi, na kisibadilishwe hadi kufunga, hata kama wabadilisha pesa nje wanapiga kelele. Jioni gawanya jumla ya upande wa Dola kwa kiwango hicho hicho, na dola zinahesabiwa kama dola: 400 ziko au haziko. Noti iliyopasuka kidogo iwekwe kando siku hiyo hiyo, maana kesho hakuna atakayeipokea na itaonekana kama upungufu.

Ukitaka programu inayojua sarafu mbili kweli, angalia Manager au GnuCash. Zote mbili zinawekwa kwenye kompyuta bila malipo, zinafanya kazi bila intaneti, na zinakuruhusu kuwa na sanduku la franka na sanduku la dola, kila moja na salio lake. Kasoro yake ni kwamba hizo ni programu za hesabu. Hazikutengenezwa kwa kijana anayehudumia foleni ya watu sita. Zinafaa pale ambapo mtu mmoja anaketi jioni na kuingiza jumla za siku.

Vipimo navyo vinadanganya. Umeingiza mfuko wa unga wa kilo 25 na umeiambia programu unatoa meka 10. Pima meka kumi zilizojaa kama unavyomjazia mteja, gawanya kwa kumi. Ukipata kilo 2,6 badala ya 2,5, mifuko 20 itatoa meka 192, siyo 200. Programu itadai meka 8 ambazo hazikuwahi kuwepo. Kwa hiyo stoki ya unga iwekwe kwa kilo, na meka iwe bidhaa inayopunguza kilo 2,6 kila inapouzwa. Bidhaa ya namna hii, iliyotengenezwa kwa bidhaa nyingine, Loyverse inaikubali. Kama programu unayoijaribu haikubali, usiichukue kwa biashara ya unga, mchele au mafuta ya kupima.

Kwa kasiye, usihangaike kutafuta programu. Fungua jedwali kwenye Google Sheets au LibreOffice Calc lenye safu tatu: zilizojaa, tupu, zilizo kwa wateja. Kama kasiye zako ni 120, kila Jumamosi jumla ya safu hizo lazima iwe 120. Ikitoka 117, tafuta tatu kabla ya kwenda kuchukua mzigo mpya. Jedwali hili linashinda programu nyingi za kulipia.

Sasa umeme na mega (data ya intaneti). Programu ya mauzo lazima iuze bila intaneti na kutuma baadaye. Hili usiliamini kwa maneno: weka simu kwenye hali ya ndege, uza vitu vitano, zima simu, iwashe, kisha rudisha intaneti na uangalie kama risiti tano zimefika. Google Sheets inafanya kazi nje ya mtandao pale tu ulipoiwashia hali hiyo kabla. Ukikumbuka umeme ukiwa umeshakatika na modemu imezimika, umechelewa. Na mwambie anayekaa kashi asitoke kwenye akaunti wala asifute programu wakati kuna mauzo ambayo hayajatumwa. Hayo hupotea kabisa. Ndiyo maana simu au tableti inafaa dukani kuliko kompyuta ya mezani: betri yake inavuka saa kadhaa, na printa ndogo ya Bluetooth ya karatasi ya milimita 58 ina betri yake. Risiti za karatasi ile hufifia kwenye joto, kwa hiyo ya deni ipigwe picha au inakiliwe kwa kalamu.

Malipo ya simu hayahitaji programu mpya, yanahitaji nidhamu. Tenga laini moja ya duka, isiwe ya nyumbani. Andika namba ya muamala kwenye risiti. SMS ya «umepokea» inayotoka kwenye simu ya mteja si malipo. Hata iliyofika kwako inaweza kuwa imetungwa. Angalia salio kwanza, ndipo utoe bidhaa.

Juu ya bei: dola 10 kwa mwezi inaonekana ndogo. Ikitozwa kwa kila mtumiaji, na mko watatu, ni dola 360 kwa mwaka. Uliza pia inalipwa vipi. Nyingi zinataka kadi ya Visa. Bila kadi ya benki yenye pesa ndani siku ya kukatwa, akaunti inafungwa katikati ya mwezi. Loyverse ya msingi ni bure, lakini usimamizi wa wafanyakazi na stoki ya kina hulipiwa. Odoo, programu ya biashara iliyogawanywa kwa moduli (sehemu), inakupa moja bure. Ukiongeza ya pili, unaanza kulipa.

Kwa fiskali (mambo ya kodi), zungumza na mhasibu wako kwanza. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na mfumo wake wa hesabu unaruhusu biashara ndogo kabisa kuweka hesabu rahisi ya kilichoingia na kilichotoka. Muulize anapokea faili gani. Mara nyingi Excel au CSV (jedwali la maandishi matupu) inamtosha. Fakitura yako iweze kubeba RCCM (namba ya rejesta ya biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa kitaifa) na namba ya kodi, na kama unatoza TVA (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 16 ionekane peke yake. Kisha jaribu kutoa data yako yote siku ya kwanza. Programu isiyokuruhusu kutoa CSV imekushika mateka, na vitabu vya hesabu OHADA inataka vitunzwe miaka 10.

Ukishachagua, kaye iendelee pamoja na programu kwa siku 30. Vikitofautiana, aina ya tofauti inakuambia mahali pa kutazama. Pengo linalopanda na kushuka pamoja na kiasi cha dola ni kiwango. Stoki inapungua lakini pesa iko sawa: ni kipimo, au kitu kimeingizwa kwa jina la kingine. Pesa inakosekana na stoki iko sawa: angalia kwanza pesa ya chakula na teksi iliyochukuliwa sandukuni bila kuandikwa. Mara nyingi ni hiyo, na mara nyingi aliyechukua ni mwenye duka.