Mambo ya kuzingatia kabla funksheni yako haijarudisha mistari milioni

Unataka kufungia hoja (query) nzito ndani ya funksheni ya hifadhidata ya PostgreSQL? Subiri kwanza. Kadiria mistari itakayotoka kwa data halisi, si ile ya majaribio. Taja safuwima unazozihitaji, acha uvivu wa SELECT *. Hakikisha faharasa (index) zipo. Hayo unayajua, tuendelee.

Wengi hawajui kwamba funksheni ya PL/pgSQL, lugha ya PostgreSQL ya kuandikia funksheni, haitoi mstari mmoja mmoja kadiri inavyoupata. RETURN NEXT na RETURN QUERY, amri za kurudisha mistari, zote mbili hurundika matokeo yote kwanza, ndipo aliyeita apewe. Rundo likizidi work_mem, kikomo cha kumbukumbu kwa hatua moja ya hoja, ambacho usipokigusa ni MB 4 tu, ziada inaandikwa kwenye faili za muda diskini.

Kuna timu niliiona ikiteseka na jambo hilihili. Walikuwa na ukurasa wa miamala, 20 kwa mara moja, na aliyeuandika aliweka LIMIT 20, yaani mistari 20 tu, nje ya funksheni akaona kazi imekwisha. Kwenye majaribio, shwari. Ulipofika mwisho wa mwezi watu wakaufungua kwa pamoja, diski ikajaa, na hoja zisizohusika kabisa zikaanza kufeli. Lawama zikaenda kwa seva. Ikaongezwa RAM, wapi! Mtu alipotulia akaendesha EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha hoja ilivyotekelezwa, ndipo mambo yakawekwa wazi: Function Scan (hatua ya kusoma matokeo ya funksheni), makadirio mistari 1000, iliyotoka kweli mamilioni. LIMIT ya nje haiingii ndani ya PL/pgSQL, na WHERE ya nje vilevile. Kila aliyebofya alikuwa anazalisha miamala yote, anachukua 20, iliyobaki inatupwa. Na ile 1000 hakuna aliyeihesabu: ndiyo namba ya mpangaji wa hoja, sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kuitekeleza, asipoambiwa lolote, na ukiunganisha funksheni na majedwali mengine, mpango mzima unajengwa juu yake. Mwambie ukweli kwa kipengele cha ROWS unapoiunda funksheni.

Basi, kikomo kipitishe kama kigezo, kifanye kazi ndani, pamoja na ORDER BY inayofuata faharasa. Ukurasa unaofuata uanzie kwenye kitambulisho cha mwisho ulichoonyesha. OFFSET kubwa nayo inasoma mistari yote inayoiruka.

Kama ndani kuna SELECT moja tu, PL/pgSQL ya nini? Andika LANGUAGE sql, itangaze STABLE (yaani haibadilishi data), usiweke STRICT (haiendeshwi ikipewa NULL) wala SECURITY DEFINER (huendeshwa kwa ruhusa za mwenye funksheni). Hapo mpangaji anaweza kuifungua na kuiyeyusha ndani ya hoja kuu, na WHERE yako ikafika hadi kwenye faharasa. Usiniamini mimi, tazama EXPLAIN: Function Scan ikiwa bado ipo, haikuyeyuka.

Walio SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, msicheke. Funksheni zenu za jedwali zenye sentensi nyingi zilikadiriwa mstari 1, toleo la 2014 likapandisha hadi 100, na nafuu ya kweli ikaja 2017.

Angalia na upande wa programu inayoita. Libpq, maktaba ya C ambayo programu hutumia kuongea na PostgreSQL, kwa kawaida hukusanya jibu lote kwenye kumbukumbu kabla ya kukupa, kwa hiyo kwa uhamishaji mkubwa tumia kasa (cursor), uchote kwa mafungu. Washa log_temp_files uone nani anajaza diski, weka temp_file_limit (kikomo cha faili za muda) na statement_timeout (kikomo cha muda wa hoja), na usipeleke kitu kwenye mfumo unaotumika na watu Ijumaa jioni.