Somo: Kuingiza mfuatano wa picha kama klipu moja katika Premiere Pro

Ndugu wanachama, wengi wetu huku Mbeya hupenda kuonyesha ukungu unavyopanda mlimani kwa kupiga picha mnato mfululizo, halafu wakati wa kuhariri tunaburuta mamia ya picha moja moja. Premiere Pro, programu ya kuhariri video, huzisoma zote kama klipu moja, ilimradi majina ya faili yamepangwa. Na kwa uzoefu wangu makosa karibu yote huanzia kwenye majina hayo, si kwenye programu.

Hatua ya kwanza. Weka picha za tukio moja ndani ya folda moja, kila jina likiishia na namba zenye idadi sawa ya tarakimu, yaani rungwe_0001, rungwe_0002 na kuendelea, bila pengo. Mimi nilijifunza kwa taabu: nilipokuwa Tukuyu nikiupiga mlima Rungwe tangu alfajiri, kamera ilifika 9999 ikaanza upya 0001, nami nikazichanganya folda zote mbili; kwenye klipu jua likawa juu kwanza, ndipo kukapambazuka. Dawa yake ni Adobe Bridge, programu ya kupangia picha: panga picha kwa tarehe ya kupigwa, zichague zote, kisha utumie Batch Rename, yaani kubadili majina yote kwa mkupuo, kuzipa namba mpya.

Hatua ya pili. Ingia File, kisha Import, chagua picha ya kwanza peke yake, weka tiki kwenye kisanduku cha Image Sequence, halafu ufungue.

Hatua ya tatu. Bofya kulia kwenye klipu, ingia Modify, kisha Interpret Footage, uandike fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 kila sekunde. Picha 1,440, ambazo ni za saa mbili ukipiga moja kila sekunde 5, zitakupa sekunde 57 na ushee.

MASWALI

Mwanachama, Uyole: Shikamoo mwalimu. Mbona kwangu imeingia picha moja tu?

Jibu: Marahaba. Tiki umeisahau. Ifute picha hiyo, urudie hatua ya pili.

Mwanachama, Iringa: Kompyuta yangu inakwama kila nikiicheza klipu.

Jibu: Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ni mzigo mzito kwa video ya 1920 kwa 1080. Tengeneza nakala za 1920 kwa 1280 na uingize hizo. Utabakiwa na pikseli 200 za kusogeza fremu juu kwenye mawingu au chini kwenye mashamba ya chai.

Mwanachama, Tukuyu: Klipu yangu inapepesa kama taa mbovu.

Jibu: Kamera ilikuwa ikijipimia mwanga upya kwa kila picha. Safari ijayo weka mipangilio ya mwanga na rangi ya kamera kwa mkono, isijibadilishe, kabla ya picha ya kwanza.