Namna ya kumfundisha Kaisari Frederick II ukiwa Mwanza

Mwalimu mwenzangu, ukisimama mbele ya vijana wa hapa ukataja "mtawala wa Ujerumani", wote watawaza Jiwe la Bismarck pale Ziwa Victoria, lenye jina la kansela wa Ujerumani, na utakayosema baadaye watayasikia kama habari za ukoloni. Kwa hiyo liweke jiwe kando kwanza. Bismarck alizaliwa 1815. Frederick, Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma na mfalme wa Ujerumani, alifariki 1250. Tena Frederick hakuzaliwa Ujerumani, alizaliwa Jesi, Italia, tarehe 26 Desemba 1194. Baba alifariki 1197, mama 1198, na kabla hajatimiza miaka minne alikuwa yatima na mfalme wa Sicily. Habari ya yatima huwa inawagusa.

Usikimbilie ubaoni kuandika tarehe. Klabu yangu ya historia huwa naipeleka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, asubuhi, mwewe wakiwa wengi. Frederick aliandika kwa Kilatini kitabu kikubwa cha kuwinda kwa kutumia ndege, na humo anamkosoa Aristotle kwa kuandika mambo ya kusikia. Yeye alijaribu mwenyewe: aliwaziba tumbusi macho, akaacha pua wazi, akawatupia nyama. Hawakuigundua. Akasema basi hutafuta mzoga kwa macho.

Ninyi msimzibe ndege macho. Ombeni matumbo ya sangara kwa akina mama wanaopaa samaki, gawanyeni sahani mbili, moja ifunikeni kwa gunia la katani linalopitisha harufu, kisha rudini nyuma hatua 20. Mara ya mwisho mwewe alishuka mara tatu kwenye sahani ya wazi. Ile ya gunia walioijua ni nzi tu. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, kama mwewe kaogopa gunia je?" Nilifurahi mno. Tukaweka gunia tupu kando ya sahani ya wazi, tukarudi nyuma tena. Mwewe akashuka vilevile. Swali la namna hiyo likitokea, liacheni lichukue muda wote linaoutaka. Frederick mwenyewe angelitumia siku nzima.

Mkirudi darasani, fundisha habari ya Yerusalemu, uliokuwa mikononi mwa Waislamu na Frederick akaufuata katika Vita vya Msalaba, kwa kuwaacha vijana wawili wapatane bei. Mmoja awe Frederick, aliyetengwa na Kanisa kwa amri ya Papa Gregory IX mwaka 1227 na mwenye jeshi dogo. Mwingine awe Sultani al-Kamil wa Misri, aliyekuwa akigombea Damascus na mtoto wa ndugu yake mwenyewe. Waache wabishane bei kama watu wa mwaloni, halafu ndipo uwaambie yaliyotokea Februari 1229: Wakristo walipata Yerusalemu, Bethlehemu na Nazareti kwa miaka kumi, Waislamu wakabaki na eneo la Msikiti wa Al-Aqsa, wala hakukupiganwa vita. Kila mara kuna anayeuliza kwa nini Papa hakufurahi. Mrudishie swali hilo mwenyewe.

Chuo Kikuu cha Napoli alichokianzisha 1224, na sheria za Melfi alizoutungia ufalme wa Sicily 1231, zinatosha dakika kumi. Usiharakishe ukatili wake. Waislamu wa Sicily aliwahamisha kwa nguvu hadi Lucera, Italia bara, na mwanawe Henry alipoasi alimfunga mpaka akafia kifungoni mwaka 1242. Vijana wakishampenda kwa ajili ya ndege, ni lazima wayajue na haya.

Jiwe lirudishe mwishoni. Mwaka 1220 Frederick aliwapa maaskofu wa Ujerumani madaraka makubwa, na 1232 akawapa madaraka watawala wengine pia, maana akili yake ilikuwa Italia. Utawala wa ukoo wake ulikwisha 1268, mjukuu wake Conradin alipokatwa kichwa Napoli. Ujerumani ikaendelea kuwa nchi ya tawala nyingi ndogo, na madaraka yale ni sababu mojawapo. Iliunganishwa 1871, na aliyeiunganisha ni yule ambaye jina lake limebaki kwenye jiwe letu. Hapo watoe nje, wasimame ufukweni walitazame.